Nyumba Niliyomkagulia Mama Mkwe

Mke wangu alipopata kazi ya mwaka mmoja Nairobi, jambo lililotukosesha raha lilikuwa moja: mama yake atabaki na nani. Mama mkwe alikuwa akiishi nasi hapa Kigali, katika nyumba ya kupanga si mbali na Sonatubes, tangu miguu yake ilipoanza kumkatalia. Ana kisukari cha muda mrefu, anachomwa sindano asubuhi na jioni, na aliyekuwa akimchoma ni binti yake. Mimi nikishika sindano mkono hunitetemeka. Msichana tuliyekuwa naye nyumbani alikuwa mpole na mchapakazi, ila sindano aliiogopa kuliko mimi.

Ndipo likaja wazo la makao ya wazee, na sitaficha kwamba lilitutia aibu. Hapa, kama kwetu Tanzania, mzee hutunzwa na watoto wake. Anayempeleka mzazi kwa watu wa kulipwa husemwa pembeni hata kama usoni anachekewa. Mke wangu alilia, akaghairi safari, akaghairi kughairi. Mwishowe mama mwenyewe ndiye aliyekata shauri. Alituita sebuleni, akatuambia kwa Kiswahili chake cha Bujumbura, maana huko ndiko alikokulia kabla ya kurudi Rwanda, "Munipeleke. Mimi si mutoto. Lakini mutafute fasi, mahali iko na watu ya heshima."

Kazi ya kutafuta nilipewa mimi, nikaipokea kwa majivuno. Mimi ni mkaguzi. Kampuni ninayofanyia kazi inaleta mchele na unga kutoka Tanzania, na ninayepita maghalani kuona kama mzigo unafaa kuliwa ni mimi. Natia mkono ndani ya gunia mpaka kwenye kiwiko, kwa sababu mchele mzuri huwekwa juu. Wenye maghala wananiletea soda, wananiita boss, wananiuliza habari za watoto ambao sina, na muda wote huo mimi nanusa. Kazi hii imenifanya nishuku hata sambusa ya harusini. Mke wangu hunitania kwamba hata yeye nilimposa baada ya kumtafutia kwanza tarehe ya mwisho wa matumizi.

Basi nikaenda kukagua makao ya wazee kama ninavyokagua ghala. Mahali pa kwanza palikuwa na geti la kupendeza na makochi laini, na wazee wamepangwa mstari mbele ya televisheni iliyozimwa. Nikaomba kuona choo. Nikaambiwa ufunguo anao mtu aliyetoka. Sikutaka kujua zaidi, nikaaga na soda waliyoniletea nikaiacha mezani.

Mahali pa pili palikuwa Gisozi, mlimani, juu kidogo ya karakana za maseremala na wachomeleaji. Kutwa nzima unasikia misumeno na randa za umeme, na upepo ukigeuka unaleta harufu ya vanishi. Mkurugenzi alikuwa mama wa makamo aliyekulia Bujumbura kama mama mkwe, anayechanganya Kiswahili na Kifaransa. Hakunikalisha kwenye kochi. Alisema, "Tembea, monsieur. Fungua mulango unataka."

Nikatembea. Niliinua magodoro nikatazama chini yake. Nilinusa mashuka. Nilifungua mabomba ya maji, nikaingia vyooni, nikaona kabati la dawa limefungwa na kila mzee ana sehemu yake. Niliuliza nani analala nao usiku, milango inafunguka upande gani moto ukitokea, muuguzi akiugua sindano anachoma nani. Nilikuta bafu moja lina ngazi isiyo na pa kushika na kapeti linaloteleza, nikasema kwa sauti ya kazini kwamba hapo mtu atavunjika kiuno. Niliporudi tena kapeti halipo, na ukutani pana bomba la chuma lililochomelewa na vijana wa kule chini, rangi yake bado inanuka. Hilo lilinifurahisha kuliko makochi yote ya mahali pa kwanza.

Wazee wenyewe hawakunisaidia. Kila niliyemuuliza vipi hapa alinijibu nta kibazo, hakuna shida, na akaniuliza safari yangu ilikuwaje. Nimekaa Kigali vya kutosha kujua kwamba mtu wa hapa atakwambia nta kibazo huku bati la nyumba yake limepeperushwa na upepo. Malalamiko hayatolewi kwa mgeni. Kwa hiyo nikaamua kwamba mashahidi wangu watakuwa macho na pua, na hasa chakula. Mwenye kubana matumizi huanza jikoni, hilo nalijua kwa kazi yangu.

Tulimhamishia mama pale, mke wangu akasafiri. Mimi nikajipangia utaratibu ambao niliuona wa busara sana. Nitakwenda wakati wa chakula cha mchana, tena bila kupiga simu, kila siku ya kazi nitakayoweza. Natoka ghalani, napanda pikipiki pale Sonatubes, kofia ya dereva inanibana masikio mpaka Gisozi, nafika wakati sahani zinawekwa mezani. Mke wangu nilimwambia tu kwamba napita kumwona mama. Yeye alidhani napita jioni nikitoka kazini, kama mtu yeyote angedhani.

Siku ya kwanza nilimkuta mama amekaa mezani karibu na dirisha, kitenge chake kimepigwa pasi, sahani iko mbele yake. Viazi, maharage, isombe ambayo kwetu tunaiita kisamvu, na kipande cha nyama kilichopikwa kikalainika. Aliponiona alishusha kijiko, akanipa mikono yote miwili, akanishika viwiko kama wanavyosalimiana hapa. Nikavuta kiti nikakaa naye. Tukazungumza habari za binti yake, mvua, na yule bibi wa kitanda cha jirani anayekoroma. Kijiko kikabaki pale pale. Nikadhani ni adabu tu, hataki kutafuna nikiwa naongea.

Baada ya muda kidogo mama alimwita mlezi, binti mwembamba aliyevaa aproni ya kijani, akamnong'oneza kwa Kinyarwanda. Binti akanijia akasema kwa unyenyekevu, akiniita bosi kwa Kifaransa, "Patron, karibu huku. Chakura iko tayari."

Nikasema ahsante, sikuja kula. Akasema, "Mukecuru amesema." Mukecuru ni bibi kizee, ndivyo wanavyowaita pale kwa heshima. Basi nikanyanyuka. Kukataa chakula cha mkwe ni ubaya, halafu sitasema uongo, nilikuwa na njaa, na tangu mke wangu aondoke nilikuwa naishi kwa chapati na maziwa. Zaidi ya yote niliona hii ndiyo bahati ya mkaguzi: nimekuja bila taarifa na napewa kile kile kilichotoka kwenye sufuria ya wazee.

Nilikula peke yangu kwenye kiofisi kidogo, mlango umerudishwa. Chakula kilikuwa kizuri. Chumvi kidogo, mafuta kidogo, viazi vimeiva mpaka ndani, isombe imetwangwa ikatwangika. Nilikula kwa makini, nikisikiliza kila tonge kama ninavyosikiliza punje za mchele kati ya meno. Nilipotoka kumuaga mama sahani yake ilikuwa imeshaondolewa mezani. Jioni nikamtumia mke wangu ujumbe wa sauti: mama yuko salama, wanamlisha vizuri, nimeonja mwenyewe.

Ikawa desturi. Nafika, tunasalimiana, tunaongea, binti wa aproni ya kijani ananiita, nakula ofisini, naaga, narudi kazini nikiwa nimeshiba na roho imetulia. Wale walezi walinizoea. Mkurugenzi akinikuta ofisini na sahani alikuwa akifunga mlango taratibu na kwenda kufanya kazi zake barazani.

Lakini mama akaanza kupungua. Kwanza niliona saa yake ya mkononi, ambayo huivaa hata akilala, inazunguka na kugeukia upande wa ndani. Kisha mifupa ya mashavu. Kisha kitenge, ambacho zamani kilimkaa, kikawa kinateleza begani anakivuta kila mara. Nilimuuliza muuguzi, akasema wazee wageni hupungua kidogo mwanzoni, wanawaza nyumbani. Nilimuuliza mama, akasema nta kibazo. Binti wa aproni aliniambia siku moja kwamba mchana, kwenye saa tisa, mukecuru hutoka jasho na mikono hutetemeka, wanampa chai yenye sukari, anapona. Alipolisema hilo alinitazama kama mtu anayengoja swali. Mimi swali nililokuwa nalo lilikuwa jingine kabisa.

Nilikuwa nimeanza kuamini kwamba wananichezea. Niliwaza hivi: mimi ndiye ninayekagua, mimi wananipa chakula kizuri, yeye nikiondoka wanampa makoko. Ndivyo wanavyofanya wenye maghala, mchele mzuri juu. Badala ya kupunguza safari nikaziongeza, nikawa naenda hata Jumamosi. Na sasa sikutaka kunyanyuka pale mezani. Nilitaka kuona kwa macho yangu kijiko kinatoka kwenye sahani kinaingia mdomoni mwa mama.

"Mama, kula basi," nilimwambia. "Nakungoja umalize."

"Nitakula, mukwe wangu. Enda kwanza ule wewe."

"Mimi leo sina njaa."

Alitazama sahani, akatazama dirisha. Akavuta sahani nyingine iliyokuwa tupu akaifunika ile ya chakula, polepole, kama mtu anayefunika kitu kilicholala. Tukakaa hivyo. Wazee wengine walimaliza wakaondolewa sahani zao. Mwishowe binti akaja kusema ofisini kumeshaandaliwa, nami nikaenda nikiwa nimekasirika, nikala nikiwa nimekasirika.

Nilipotoka nikamvaa mkurugenzi. Nilisema mambo mengi ambayo sina haja ya kuyarudia yote. Nilisema mama anakonda mikononi mwao. Nilisema mimi si mtoto mdogo, nakagua chakula kwa kazi, nikigundua wanambadilishia sahani nitawafikisha mahali. Yule mama alinisikiliza mpaka mwisho akiwa ameshika mikono yake tumboni. Kisha alisema, kwa sauti ya chini sana, "Monsieur, hapa hatulazimishi mukecuru kukula mbele ya watu."

"Mimi si watu," nilimjibu. "Mimi ni mtoto wake."

Sasa najua kwamba mkurugenzi alikuwa ameniambia kila kitu, na kwa namna anavyojua yeye alikuwa ameniambia waziwazi, hata kwa ukali. Mimi nilisikia kisingizio tu. Aliinamisha kichwa akasema, "Ndiyo, monsieur," akarudi ndani.

Siku jambo lenyewe lilipotokea nilikuwa nimeshakula na kuaga. Nilikuwa nimeteremka mpaka kwenye karakana kuangalia bei ya kiti chenye mikono ambacho mama angeweza kukitumia akioga. Fundi alikuwa ananionyesha jinsi miguu ilivyoshikana. Simu iliita, kelele za randa zikanizuia kusikia, nikaona tu ni namba ya kule juu, nikaanza kupanda mlima mbio na viatu vyangu vya ofisini.

Nilimkuta mama kitandani, jasho baridi limemlowesha, macho yamefunguka lakini hayanitambui. Muuguzi alikuwa anampaka sukari ndani ya mashavu. Akasema imeshuka, imeshuka sana, tusisubiri. Tulimbeba kwenye blanketi mpaka kwenye teksi, binti wa aproni akaingia nyuma akampakata kichwa, tukashuka Gisozi dereva akipiga honi. Nilikuwa nimeshika mguu wa mama. Ulikuwa mwembamba mkononi mwangu, nikaogopa kama sijawahi kuogopa.

Hospitalini walimtundikia dripu, wakatutoa nje ya pazia. Tukabaki kwenye baraza, mimi na yule binti, kwenye benchi la mbao. Nikampigia mke wangu. Nilimweleza kwamba sukari imeshuka, kwamba madaktari wanasema atarudi, kwamba wale watu hawamlishi, na kwamba leo hii namtoa.

"Hawamlishi vipi? Uliniambia unaonja."

"Mimi wananilisha vizuri. Yeye simwoni akila. Kila siku nakaa naye mezani, simwoni akila."

"Mezani saa ngapi?"

"Saa saba. Wakati wa chakula, ili nione wanampa nini."

"Mchana? Kila siku?"

"Kila siku."

Nilimsikia anavuta pumzi. "Mume wangu," alisema, "mama hawezi kutia kijiko mdomoni mbele yako. Wewe ni mkwe wake. Miaka yote hiyo nyumbani, uliwahi kumwona mama anakula?"

Nikajaribu kumkumbuka mama akitafuna. Sikuweza. Nilikumbuka sahani zikipelekwa chumbani kwake zimefunikwa. Nilikumbuka mke wangu akisema mama ameshakula. Mimi nililelewa Ilala, tulikula sinia moja na kila aliyepita mlangoni, mjomba, jirani, mkwe, muuza mkaa. Nilijua kwamba wazee wa hapa wana miiko yao kati ya mkwe na mama mkwe, nilijua kama mtu anavyojua habari za redioni. Wengi mjini wameshaiacha. Haikunijia kwamba yuko aliyeishika ndani ya nyumba yangu.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilidhani unajua. Chakula chake kikiletwa ulikuwa unanyanyuka unatoka nje. Mama alikuwa anakusifu kwa hilo mpaka kanisani. Alisema mkwe wake Mtanzania ana malezi kuliko wa hapa."

Nilikuwa nikitoka kwa sababu chakula kilitanguliwa na sindano, na sindano siwezi kuiangalia. Sikumwambia mke wangu hilo siku ile. Nikasema tu kwamba hata hivyo namtoa, sitamwacha kwa watu walioona mtu anakosa chakula wakanyamaza.

"Umpeleke wapi?" aliuliza, na sasa alikuwa analia. "Nyumbani, wewe na yeye na kale kamsichana?"

Nilikata simu kwa kusingizia kwamba daktari ananiita. Kisha nikamgeukia binti. Alikuwa amevua aproni na kuikunja mapajani, na mimi kwa mara ya kwanza nikamwona kama mtu na siyo kama sehemu ya mzigo ninaoukagua. Nikamuuliza kwa upole niliokuwa nao.

"Dada, mama alikuwa hali kabisa?"

"Asubuhi anakura. Mangaribi anakura. Muchana alikuwa anasema atakura nyuma."

"Na baadaye alikula?"

"Ndizi moja. Chai. Anasema inatosha."

Sindano ya asubuhi hungoja chakula cha mchana, kisipokuja sukari hushuka. Hilo nalijua hata mimi ninayeikimbia. Nikaendelea, "Na ile sahani aliyokuwa anawekewa mezani ilikuwa inakwenda wapi?"

Binti akatazama sakafu. "Ni ile ulikuwa unakura wewe, patron. Ukinyanyuka, ninaipitisha jikoni, ninakuletea."

Nilihisi ladha ya ile isombe ya mchana bado iko mdomoni.

"Jikoni hakukuwa na nyingine?"

"Iko. Kila siku tulikuwa tunataka kukupa ingine. Mukecuru alikataa. Alisema hapa sasa ni kwake, na wewe ni mugeni yake, hawezi kukupa chakura ya watu. Atakupa ya kwake." Alisita, akakunja aproni tena. "Alisema madame hayuko, hakuna mutu anakupikia. Ndiyo maana unakuja saa ya kukura. Alisema tusikwambie, utaona haya."

Kwa hiyo ndivyo alivyonielewa mama. Siku zote nilizopanda pikipiki kwenda kumlinda, yeye aliona kijana mwenye njaa anakuja kwake mchana kwa kuwa hana pa kula, na akafanya kile ambacho mama yeyote wa hapa angefanya. Alikuwa na sahani moja. Na mimi niliikagua, nikaisifia chumvi yake, nikaimaliza.

Nilitamani kumlaumu huyu binti, na sehemu ya lawama bado naishika. Mtu akichomwa sindano halafu hali, anayemtunza hapaswi kunyamaza kwa sababu ya adabu ya mtu yeyote, awe mkwe, awe mgeni, awe mwenye kelele anayetishia kuwashtaki. Muuguzi alipaswa kupima sukari mchana. Hayo niliyasema baadaye kwa mkurugenzi, kwa sauti ya kawaida, naye akayakubali bila kujitetea, na sasa wanapima. Lakini pale kwenye benchi sikuwa na nguvu ya kumlaumu mtu. Nilikuwa nasikia aibu, aibu ya mwilini kabisa, ya tumboni, mahali kile chakula kilipokuwa.

Pazia lilifunguliwa, muuguzi wa hospitali akatoka na kikombe cha uji. Akasema mukecuru ameamka, anaongea vizuri, ila uji anaukataa, na lazima anywe.

"Anasemaje?" nikauliza.

"Anauliza kama mukwe wake amekula."

Binti alinitazama. Nilisimama, nikataka kuingia, nikakumbuka, nikarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta.

"Mwambie nimekula," nikasema. "Mwambie nimeshiba, na nimeshaondoka."

Muuguzi akarudi ndani. Nilisimama pale ukutani nimezuia pumzi ili mama asijue nipo, mwanamume mzima, na watu wakipita na mafaili yao wakinitazama. Nilimsikia mama anauliza kitu kwa Kinyarwanda, muuguzi anajibu. Kisha nikasikia kijiko kikigonga kikombe. Binti wa aproni alishika mkono wangu, na mimi nikamwacha aushike.

Hatukumtoa Gisozi. Mke wangu alikuja kwa siku chache, akazunguka nyumba nzima, akakaa na walezi jikoni wakaongea Kinyarwanda mpaka wakacheka, akanambia tumwache hapo hapo. Huwa ananiuliza kwenye simu, ile nyumba ni nzuri au si nzuri? Najua anachotaka kusikia. Namwambia magodoro ni makavu, bafu lina pa kushika, sukari inapimwa mchana. Mengine simwambii, kwa sababu siyajui. Kuna jambo moja kubwa ambalo sitaliona kamwe kwa macho yangu, na kwa mtu wa tabia yangu hilo ni adhabu. Kuna siku ghalani nasimama katikati ya magunia nikiwaza, je, saa hii amekula?

Siku hizi naenda saa kumi jioni, vyombo vimeshaoshwa. Mama ananipokea kwa mikono miwili, ananishika viwiko. Mwili umerudi kidogo, si wote. Kabla hata sijakaa anauliza, "Umekula, mukwe wangu?"

"Nimekula, Mama," namjibu. Nasema hivyo hata siku ambazo sijatia kitu tumboni tangu asubuhi, na nasema vizuri, bila kupepesa macho. Kisha namuuliza yeye.

"Nimekula," anasema, bila kupepesa macho.